Ramani Nayo ni Amana



Kila sifa njema inamstahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu wasomaji wa ukurasa huu wa familia, anayeingia Dodoma siku hizi, awe ametokea Morogoro, Iringa, Singida au Kondoa, hupokewa na milundo ya mchanga, kokoto na nondo. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku moja kwa moja, mji wetu umekuwa ukijengwa usiku na mchana. Maofisi yamesimama Mtumba, nyumba zimeenea Nzuguni, Ilazo na Nkuhungu, na misikiti mingi inapanuliwa kwa michango ya waumini. Katika shughuli zote hizo yuko mtu mmoja ambaye sehemu kubwa ya kazi yake humalizika kabla tofali la kwanza halijalazwa, naye hatajwi kabisa katika mawaidha yetu. Mfanyabiashara tumemkumbusha habari za mizani, hakimu tumemkumbusha uadilifu, na mwalimu tumemkumbusha malezi. Yule anayechora ramani hatujamwambia lolote.

Wiki hii tunakusudia kusema naye, awe msanifu majengo mwenye shahada na usajili, au awe kijana wa mtaani anayechora nyumba kwa kompyuta na kulipwa kwa kila ramani. Tutasema vilevile na sisi wenyewe tunaomwajiri, kwa sababu makosa tutakayoyaeleza hapa tuliyatenda sisi.

Katika Sura An-Nisaa, aya ya 58, Allah anatuamuru kuzifikisha amana kwa wanaozistahiki. Wengi wetu tukisikia neno amana hufikiria fedha iliyowekwa kwetu au siri tuliyoambiwa. Lakini wanazuoni wameieleza amana kuwa ni kila haki ya mtu iliyo mikononi mwa mwingine. Kwa maana hiyo, mchora ramani hubeba amana kubwa mno. Mnunuzi aliyepunjwa sokoni anaweza kurudi kudai haki yake kesho yake, bali aliyejengewa mlango usiopitika ataishi na mlango huo miaka hamsini, na watoto wake watarithi taabu ile pamoja na nyumba. Tena wengi miongoni mwa watakaolitumia jengo hawapo siku ramani inapojadiliwa. Wengine ni wagonjwa wamelala ndani, wengine ni wazee, na wengine hawajazaliwa.

Miaka michache iliyopita kamati yetu iliamua kuupanua msikiti. Tulimwita kijana mmoja mchora ramani, mwenye adabu na mwepesi wa kazi. Alituuliza mambo matatu: ukubwa wa kiwanja, kiasi cha fedha, na idadi ya waumini. Tukamjibu yote matatu. Hakuuliza waumini hao ni akina nani, nasi hatukumweleza. Akarudi na ramani ya kupendeza, yenye mnara mrefu na kuba. Chini kulikuwa na ukumbi wa wanaume, ofisi ya kamati na stoo. Wanawake aliwaweka ghorofani, wakipanda kwa ngazi nyembamba ya zege iliyoanzia nyuma, upande wa vyooni. Tuliipitisha ramani ile katika kikao kimoja baada ya sala ya Isha. Tulikuwa wanaume tisa. Tuliutazama mnara kwa muda mrefu, na ile ngazi hakuna aliyeitazama.

Ramadhani ya kwanza ikaingia tukiwa katika jengo jipya. Ilipofika kumi la pili, ustadhati anayesomesha watoto madrasa alimjia imamu na kumuuliza kama kamati ina habari za bibi mmoja wa mtaa wetu. Bibi huyo alikuwa akisali tarawehe pale tangu msikiti ulipokuwa kibanda cha udongo, na kwa usiku kumi na mbili hakuonekana. Hatukuwa na habari. Tukaenda kumjulia hali.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu, karibuni."

Hakulalamika. Tulipomuuliza kama anaumwa, alisema haumwi ila magoti hayapandi tena. "Adhana naisikia vizuri," alituambia, "nasali hapa hapa." Kisha akatutajia wengine waliobaki majumbani kama yeye: mzazi mwenye kitoto kichanga aliyeogopa kuteleza nacho, na binti anayetembea kwa magongo ambaye siku moja alipanda, akashindwa kushuka mpaka alipobebwa.

Tulirudi kimya. Tulisoma chuoni, na tunaijua habari ya yule mwanamke aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina. Alipokosekana, Mtume (s.a.w.) mwenyewe ndiye aliyeulizia. Alipoambiwa kwamba amefariki na kuzikwa, aliwalaumu maswahaba kwa kutomwarifu, akaenda kaburini kwake kumsalia. Habari hiyo tumeihadithia mimbarini mara nyingi. Kwetu alikosekana mmoja wa akina mama hao kwa usiku kumi na mbili, na viongozi wa msikiti hatukujua.

Tunaijua pia habari ya Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), swahaba kipofu, ambaye kwa ajili yake ziliteremka aya za mwanzo za Sura Abasa. Alikuwa mmoja wa waadhini wa Mtume (s.a.w.), na aliachiwa uongozi wa Madina Mtume alipokuwa safarini. Imepokewa kwamba aliomba ruhusa ya kusali nyumbani kwa kuwa hakuwa na wa kumwongoza njia, akaulizwa kama anausikia wito wa sala. Alipokubali kwamba anausikia, aliambiwa auitikie. Tuizingatie habari hii. Ikiwa asiyeona anaitwa aje, basi nani ametupa sisi mamlaka ya kujenga ngazi inayomwambia asije?

Kikao cha kulirekebisha jambo hilo kilikuwa kirefu. Baadhi ya wenzetu walisema kwamba sala ya mwanamke nyumbani kwake ni bora, hivyo hakuna aliyedhulumiwa. Imamu alijibu kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza wanawake kuzuiwa misikitini, na kwamba mwanamke anayebaki nyumbani kwa hiari yake hawi sawa na anayebakishwa na zege. Hatimaye tuliivunja ofisi na stoo, tukaziunganisha kuwa chumba cha sala cha akina mama, chenye mlango wake mpana na njia ya mteremko isiyo na kidaraja. Mafaili ya kamati yamehamia katika kabati la chuma chini ya ngazi ile ile. Fedha ya mnara iliishia katika kazi hiyo, na mpaka leo mnara wetu umesimama nusu. Wapo wanaotucheka kwa ajili yake.

Bibi alikuja siku ya kwanza ya chumba kipya. Baada ya sala alituita, akatuombea dua, kisha akatuonyesha kwamba koki za kutawadhia ziko juu mno na hapana pa kukaa, hivyo mwenye magoti mabovu hawezi kuosha miguu bila kushikwa mkono. Tukajenga vibao vya kukalia vya saruji. Yote hayo yangewezekana tangu mwanzo kwa gharama ndogo sana, lau mmoja wetu angemwuliza kabla.

Hilo ndilo tunaloliona kuwa wajibu wa kwanza wa mchora ramani kwa jamii: kumwuliza atakayelitumia jengo, na hasa yule asiyekuwapo kikaoni. Sheria ya nchi imelitambua hilo kwa sehemu, kwani Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike kwa watu wote. Muislamu hakupaswa kuisubiri sheria hiyo.

Baada ya msikiti, tuitazame nyumba. Sura An-Nuur, aya ya 58, imewafundisha watoto na watumishi kubisha hodi katika nyakati tatu za faragha: kabla ya Alfajiri, wakati wa mapumziko ya mchana, na baada ya Isha. Mafundisho hayo yanahitaji nyumba inayoyawezesha. Tumeingia nyumba nyingi mpya hapa mjini ambazo mlango wa chumba cha wazazi umeelekezwa sebuleni, choo cha pekee kinapitiwa mbele ya wageni, na jiko halina pa kutolea moshi ila katika chumba cha mabinti. Ramani zake zilichukuliwa kutoka simuni, zikiwa zimechorwa kwa ajili ya familia ya mbali yenye watoto wawili na gari mbili. Sisi familia zetu zina bibi, shangazi, na watoto wa ndugu waliokuja kusoma. Mtume (s.a.w.) ametuamuru kuwatenga watoto katika malazi wafikapo miaka kumi. Mchoraji mwenye kujali huuliza watoto wangapi, wa kike wangapi, nani mzee, na mgeni akija atalala wapi, kabla ya kuuliza rangi ya bati.

Jirani naye ana haki katika ramani yako, ijapokuwa hakuchangia shilingi. Dirisha la ghorofani linalotazama uani kwa jirani humvunjia sitara mke wake. Maji ya mvua yanayotoka paani kwako na kumwagikia ukuta wake ni madhara, nayo kanuni ya dini yetu ni kwamba mtu asidhuru wala asilipize madhara.

Kuna pia haki ya ardhi na hali ya hewa tuliyojaaliwa. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote ikinyesha baina ya Desemba na Aprili. Katika hadithi ya Anas (r.a.), Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudd moja, yaani kibaba kimoja, ambacho kwa hesabu ya madhehebu yetu ya Shafi hakifiki lita moja. Muislamu wa leo akifungua koki kubwa mpaka mwisho hutumia maji mengi kuliko hayo kabla hajamaliza kusukutua. Hatuwezi kuliacha jambo hilo juu ya nafsi ya muumini peke yake. Mchoraji anayechagua koki ndogo, anayeyapeleka maji ya udhu kwenye miti badala ya karo la choo, na anayeweka mifereji na simtanki la kukinga mvua ya paani, amewasaidia watu kufuata Sunna bila hata wao kujua.

Tuangalie na jua. Kutoka hapa kwetu, kibla ni kaskazini, kwa kuegemea mashariki kidogo. Basi kuta za ubavuni za misikiti yetu hutazama mashariki na magharibi, na dirisha kubwa la kioo upande wa magharibi huingiza jua kali wakati wa Alasiri mpaka feni zote zikashindwa. Wazee wa Kigogo waliojenga tembe, zenye kuta nene za udongo na paa la chini lililo bapa, walilijua jua hili na upepo huu wenye vumbi kuliko wengi wanaochora leo kuta za vioo vya buluu. Hatusemi turudi katika tembe. Tunasema mchoraji aende akakae ndani ya mojawapo saa nane ya mchana, kisha achore.

Mfano wa kuigwa unapatikana Burkina Faso, nchi kavu kama yetu. Diébédo Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando, alikwenda kusoma Ujerumani, kisha akarudi kuwajengea watu wake shule iliyokamilika mwaka 2001. Alitumia matofali ya udongo wa pale pale yaliyotengenezwa na wanakijiji wenyewe, na akaliinua bati juu ya dari ili joto litoke. Mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote katika fani hiyo. Hapa nyumbani, marehemu Beda Amuli alipolisanifu soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, aliwafikiria wachuuzi wetu waliozoea kuuza chini ya miti. Akalipa soko paa la miavuli mikubwa ya zege, ambayo hukinga pia maji ya mvua.

Lakini nia njema peke yake haitoshi. Hassan Fathy wa Misri, Muislamu aliyejitolea maisha yake kuwachorea masikini nyumba za udongo, alijenga katika miaka ya 1940 kijiji kipya cha Gourna karibu na Luxor. Kilikuwa kizuri, lakini watu wengi waliokusudiwa walikataa kuhamia. Riziki yao ilitegemea makaburi ya kale yaliyokuwa chini ya makazi yao ya zamani, na uamuzi wa kuwahamisha haukuwa wao. Msomaji na ailinganishe habari hiyo na mji wetu wenyewe. Mpango wa kwanza wa makao makuu, uliotayarishwa mwaka 1976 na wataalamu kutoka Kanada kwa ajili ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ulikusudia mji wa watembea kwa miguu na mabasi, wenye miti na mitaa ya ujirani. Lilikuwa wazo jema. Hata hivyo, vibarua na wachuuzi waliokuja kuujenga mji huo hawakupata nafasi ya kutosha ndani ya ramani, na mitaa kama Chang'ombe ikakua nje yake. Leo tunapanua barabara kwa ajili ya magari, nao watoto wa madrasa huvuka kwa kukimbia. Kuondoa kinachoudhi njiani ni sehemu ya imani. Basi anayechora barabara bila kivuko mbele ya shule ameweka udhia pale ambapo hapakuwa nao.

Hatuwezi kumaliza bila kutaja uhai. Ijumaa ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa nyingi lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36, wakiwemo watoto waliokuwa wakicheza jirani. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba ghorofa zilizojengwa zilizidi zilizoidhinishwa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine lilianguka Kariakoo, na zaidi ya watu 20 walifariki dunia. Mara nyingi mwenye fedha humwambia mchoraji aongeze ghorofa moja, au apunguze nondo, na kwamba asiyekubali kazi atapewa mwingine. Tunajua kijana mwenye kodi ya nyumba na watoto hupata taabu kuikataa fedha hiyo. Pamoja na hayo, tunamwambia kama ndugu: hapo ndipo amana yako inapopimwa. Mwajiri wako hana uwezo wa kukubebea dhima ya roho za watu mbele ya Allah. Nasi wenye fedha tumwogope Allah, tusimtie mtu katika mtihani huo.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa kila kamati ya msikiti na madrasa, na kwa kila baba na mama anayetaka kujenga, mambo haya kabla ya kutia saini:

Kwanza, ramani ijadiliwe mbele ya wanawake, wazee, na mtu mwenye ulemavu, na maneno yao yaandikwe katika muhtasari wa kikao.

Pili, mchoraji aende kwenye kiwanja zaidi ya mara moja, na mara mojawapo iwe mchana wa jua kali.

Tatu, aulizwe maji yatatoka wapi na yatakwenda wapi, na jirani ataathirikaje.

Nne, hesabu za uimara zifanywe na mhandisi, kibali cha ujenzi kipatikane, na kisizidishwe hata ghorofa moja.

Tano, mchoraji alipwe haki yake kamili na kwa wakati. Tunaomtaka awe mwaminifu huku tukimzungusha miezi sita kwa malipo yake, tumeanza sisi kuvunja amana.

Kwa vijana wetu wanaosomea fani hii tunaongeza ombi moja. Kila mmoja wenu na atoe ramani moja kwa mwaka bila malipo, kama sadaka, kwa madrasa isiyo na uwezo au kwa mjane anayejenga chumba kimoja kimoja. Msimpe ramani mliyoichukua kutoka kwa mwingine. Kaeni naye mumsikilize, kwani huenda asiwe na kingine cha kuwalipa isipokuwa dua, na huenda pia akawaambia kwamba koki mmeiweka juu mno.

Tunamwomba Allah (s.w.) atusamehe tuliyoyajenga bila kuuliza, awarehemu waliokufa chini ya majengo mabovu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaozichunga amana zao.

Wabillahi tawfiq.